Linux kwa sanduku la posta: jinsi programu huria zilivyofika Ruiri

Historia ya programu huria husimuliwa sana kama historia ya leseni. Mwaka 1983 Richard Stallman akatangaza mradi wa GNU. Mwaka 1991 Linus Torvalds, mwanafunzi wa Helsinki, akatoa kerneli yake, na kadhalika. Hayo mmeyasoma mara nyingi. Lakini ukiitazama historia hiyo kutoka Ruiri, kwenye barabara ya Meru kwenda Isiolo, unaona habari ya mizigo: nani alibeba nini, kwa njia gani, na nauli alilipa nani.

Tuseme ukweli. Bei ya Windows haikumsumbua mwanafunzi wa Kenya miaka ile. Fundi aliyekuuzia kompyuta kuukuu alikuwa ameshaiweka nakala ya wizi ndani, na hakuna aliyeuliza. Kwa hiyo ukimwambia mtu "Linux ni ya bure", alikutazama tu. Hata ile nyingine aliipata bure!

Kilichokuwa ghali ni kuifikisha nyumbani. Piga hesabu. CD moja ina megabaiti 700. Kwa modemu ya simu ya kilobiti 56 kwa sekunde, kuipakua ni karibu saa 28, laini isikatike hata mara moja. Katika saiba ya shilingi moja kwa dakika hiyo ni shilingi 1,680, na hapo nimechukulia kwamba wateja wengine wote wamekwenda nyumbani na umeme haupotei. Haiwezekani.

Ndipo posta ikaingia. Ubuntu ilitoka mara ya kwanza Oktoba 2004, ikigharamiwa na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini kupitia kampuni yake ya Canonical. (Kwa Mmeru jina hilo halikuhitaji mkalimani, mtu kwa Kimeru ni muntu.) Kulikuwa na huduma iliyoitwa ShipIt: unajaza jina na anwani kwenye tovuti yao, nao wanakutumia CD popote ulipo duniani, gharama zote juu yao. Kujaza fomu kulichukua dakika chache za saiba. Kungoja kulichukua wiki nyingi. Kwa kuwa kijijini wengi hawakuwa na sanduku lao, bahasha ilipitia sanduku la shule au la kanisa, na ilikuwa lazima umweleze mwalimu kwa nini Wazungu wanakutumia vitu.

CD ile ilikuwa na faida ambayo nakala ya wizi haikuwa nayo: ungeweza kuiwasha kompyuta kwayo bila kugusa diski kuu. Mwanafunzi asiye na kompyuta yake aliweza kuijaribu kwenye ya mwenzake, akaitoa, na kila kitu kikabaki kama kilivyokuwa.

Sababu ya kubaki nayo ilikuwa virusi. Miaka ile kila fleshi iliyotoka saiba ilirudi na mgeni ndani. Brontok, iliyotokea Indonesia mwaka 2005, ilisafiri hivyo, na zilikuwepo nyingi zilizojifanya folda. Kwenye Linux ungefungua fleshi ya mwenzako, ukayaona mafaili yale yaliyofichwa, ukayafuta, ukamrudishia. Wanafunzi wengi walijulikana bwenini kwa kazi hiyo kabla hawajaandika hata mstari mmoja wa programu.

Sasa tufike kwenye shida zenyewe. Ubuntu haikucheza nyimbo za MP3 ikitoka kwenye CD, kwa sababu ya hataza ambazo muda wake ulikuja kuisha mwaka 2017. "Ni rahisi," mabingwa walikuambia, "amri moja tu na intaneti itamaliza kazi." Intaneti ipi? Basi unaandika jina la kifurushi kwenye karatasi, unapanda matatu hadi Meru mjini, unakipakua kwenye fleshi, unarudi Ruiri. Unaamuru dpkg ikisakinishe, nayo inakujibu kwamba kifurushi hiki kinategemea kingine, ambacho huna. Unaandika jina la hicho cha pili. Kesho nauli nyingine. Hicho cha pili nacho kina cha tatu.

Dawa yake ilikuwa folda moja, /var/cache/apt/archives. Kila kifurushi ambacho Ubuntu ilikipakua kilibaki humo mpaka ukisafishe. Aliyebahatika kupata intaneti chuoni alirudi likizo na folda hiyo nzima kwenye fleshi, na wote wenye toleo kama lake wakainakili. Hapo ndipo leseni ilipokuwa na maana kwetu, maana kunakili huko kulikuwa halali kabisa. Upakuaji wa mtu mmoja ulitosha watu kumi.

Lugha nayo ilisafiri vivyo hivyo. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kupitia mradi wa Kilinux uliofadhiliwa na shirika la Sida la Sweden, kilitoa Jambo OpenOffice mwaka 2004, menyu zote kwa Kiswahili. Hawakuhitaji kuomba ruhusa ya mtu. Kwa maoni yangu ilistahili wasomaji wengi zaidi Kenya kuliko iliowapata. Sisi tulifundishwa kompyuta kwa Kiingereza, na wengi waliyacheka maneno kama "hariri" wakarudi kwenye mazoea.

Kisha nyaya za baharini zikafika Mombasa: TEAMS na SEACOM mwaka 2009, EASSy mwaka 2010. Vijijini intaneti iliingia kupitia minara ya simu na modemu za USB. Hapo tena kichekesho: nyingi za modemu hizo zilipochomekwa zilijitambulisha kwanza kama CD yenye programu ya Windows. Linux iliiona CD, haikuona modemu, mpaka upate programu ya usb_modeswitch, ambayo ilibidi uipakue kwa intaneti.

ShipIt ilifungwa Aprili 2011. Mwaka huohuo Safaricom ilikuwa ikiuza simu ya Huawei IDEOS kwa takriban shilingi 8,000. Walioinunua hawakujali kilichomo. Ilikuwa Android, yenye kerneli ya Linux.