Kabla ya Pikipiki Kulikuwa na Baiskeli ya Boda

Juzi tumeonyeshana picha za mashindano ya baiskeli kule Moroko, Atlas Mountain Race, yaliyoanza 2020. Mtu anafunga chakula na blanketi kwa baiskeli, anapita milima na jangwa zaidi ya kilomita 1,000. Tulishangaa kweli. Halafu tukaulizana: sisi tuliopitia Busia, si kazi hii tunaijua?

Historia ni hii. Miaka ya 1960, abiria wengi walikuwa wanashushwa mpakani, upande mmoja Kenya, mwingine Uganda. Katikati kulikuwa na kipande cha barabara karibu kilomita moja, na gari bila makaratasi halipiti. Vijana wakafunga mto kwa keria, wakawa wanaita abiria, "Boda-boda!", yaani mpaka hadi mpaka. Jina likaenea Afrika Mashariki yote. Pikipiki zililirithi tu.

Wakati wa Amin bidhaa ziliadimika Uganda, na 1977 bei ya kahawa duniani ikapanda sana. Basi magendo yakashamiri. Kahawa inaenda Kenya, sabuni na chumvi zinarudi. Kwa vijiji vilivyo karibu na mpaka kama Dabani, baiskeli ilikuwa ndiyo lori, na njia ya panya ndiyo barabara kuu. Ukikutana na askari, shauri yako.

Sasa tuje kwetu. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, maelfu ya Wakenya walivuka Busia na Malaba. Wengi walipelekwa Mulanda, Tororo, baadaye Kiryandongo. Tulikuwa wadogo. Mama alipakia mzigo wetu wote kwa baiskeli ya boda, sisi tukafuata kwa miguu. Watu walikuwa wengi, tukampoteza yule kijana. Mama akaanza kulia, akajua tumeibiwa. Kufika upande wa Uganda, tukamkuta ameukalia mzigo, anatungoja. Akachukua nauli yake ya kawaida, akageuza baiskeli. Jina hatukumuuliza.

Wale wa jangwani majina yao yameandikwa, hata muda waliotumia. Wetu bado. Kama baba, mjomba au jirani yako aliwahi kuendesha boda, muulize leo: alibeba nani, alibeba nini, kwa shilingi ngapi? Kisha uandike. Wazee wanatuondokea.