Jukwaa la Kamĩrĩthũ: Watazamaji Walipoketi Ndani ya Mchezo

Katika historia ya sanaa ya maigizo, suala la nani aketi wapi limekuwa suala la mamlaka kabla ya kuwa suala la starehe, na katika Kaunti ya Kiambu, ambayo Thika pamoja na mtaa wake wa Kamenu, Ruiru na Limuru zote zimo ndani yake, suala hilo lilipatiwa jibu la pekee mwaka 1977, pale wanakijiji wa Kamĩrĩthũ walipojijengea ukumbi wa wazi ambao ndani yake jukwaa na viti vya watazamaji vilikuwa karibu kitu kimoja.

Mtazamaji kuketi jukwaani si jambo geni duniani. Katika kumbi za London za zama za Shakespeare, vijana wenye fedha walilipia vigoda pembeni mwa waigizaji ili waone na, zaidi ya hilo, ili waonekane, na desturi hiyo ilienea Paris hadi Comédie-Française ilipoondoa viti hivyo mwaka 1759, kwa sababu wahusika wa tanzia walikuwa wakikosa hata nafasi ya kupita. Viti hivyo vimerudi katika zama zetu: tamthilia ya nyimbo *Spring Awakening*, yaani mchezo ambao kisa chake huendelezwa kwa kuimba na kucheza ngoma sawa na kwa mazungumzo, ilipofika Broadway mwaka 2006 iliwaketisha baadhi ya watazamaji jukwaani kando ya waigizaji. Huko Ulaya ya zamani ukaribu na jukwaa ulinunuliwa. Kamĩrĩthũ waliokuwa karibu nalo zaidi ni wale ambao hawakuwa na kitu, nao ndio waliolijenga.

Kamĩrĩthũ yenyewe ni kijiji kilichozaliwa wakati wa Hali ya Hatari ya miaka ya 1950, serikali ya kikoloni ilipowakusanya wakulima katika vijiji vya lazima ili kuwatenga na wapiganaji wa Mau Mau, na baada ya uhuru wakazi wake wengi waliishi kwa vibarua katika mashamba ya chai na katika viwanda vya Limuru, kikiwamo kiwanda cha viatu cha Bata. Kituo cha elimu na utamaduni cha kijiji hicho kilianza na kisomo cha watu wazima chini ya Ngũgĩ wa Mirii, na mwaka 1976 yeye na Ngũgĩ wa Thiong'o waliombwa kuandika mchezo kwa Kikuyu. Huo ndio *Ngaahika Ndeenda*, ambao kwa Kiswahili ulitafsiriwa kuwa *Nitaolewa Nikipenda*, na mwelekezaji wake alikuwa Kimani Gecau. Kisa chake ni cha Kigũũnda, kibarua mwenye ekari moja na nusu tu ya ardhi, ambaye hati ya kiwanja chake ameitundika ukutani, na ambaye tajiri anayemwajiri anamshawishi kukopa fedha za harusi ya kanisani hadi ardhi hiyo inapigwa mnada. Msomaji wa Kamenu, akiwa katika mji wa viwanda na jirani ya mashamba makubwa ya mananasi, hahitaji kuelezwa kwa nini hati ile iliwagusa watu.

Ukumbi uliobuniwa kwa ajili ya mchezo huo unastahili kuelezwa kwa kituo, kwa sababu ramani yake haikutoka kwa msanifu wa majengo bali kwa kikundi cha wanakijiji kilichoongozwa na tarishi wa ofisini, kilichojaribu mpangilio wake kwa njiti za kiberiti kabla ya wanakijiji kuujenga kwa mikono yao wenyewe. Jukwaa lilikuwa ulingo ulioinuka wenye umbo la nusu duara, nyuma yake ukisimama ukuta wa mianzi uliopinda vivyo hivyo, na nyuma ya ukuta kulikuwa na nyumba ndogo ya vyumba vitatu iliyotumika kuhifadhia vifaa na kubadilishia mavazi. Mbele ya ulingo mabenchi marefu ya mbao yalipangwa kwa kupanda kama ngazi, yakitosha watu zaidi ya 2,000, na kwa kuwa hapakuwa na paa wala pazia, mwigizaji aliweza kushuka katikati ya watu, akazunguka nyuma yao na kurejea ulingoni bila kizuizi chochote. Nyuma ya mabenchi kulikuwa na mikaratusi mirefu, na katika onyesho mojawapo baadhi ya waigizaji, bila kuelekezwa na yeyote, waliipanda na kuimba wakiwa juu yake, kiasi kwamba hata watu waliokuwa nje ya uzio waliingizwa katika hadhira.

Ukaribu huo haukuanza siku ya onyesho. Mazoezi, yaliyoanza katikati ya mwaka 1977, yalifanywa hadharani, na wapita njia walisimama, wakasikiliza, wakasahihisha: wazee walirekebisha maneno ya nyimbo za kale, na vibarua wakarekebisha habari za mishahara na za kazi za kiwandani. Sehemu ya gĩtiiro, yaani utanzu wa Wagĩkũyũ wa kujibizana kwa nyimbo katika sherehe za harusi, ilitoka kwa mwanamke wa kijijini asiyejua kusoma wala kuandika. Kwa hiyo mchezo ulipofunguliwa tarehe 2 Oktoba 1977, wengi wa waliokuwa mabenchini waliujua moyoni, na hapo ndipo ulipo uzito wa tukio hili: anayeujua wimbo kwa sababu ameusaidia kuzaliwa hawezi kuitwa mtazamaji kwa maana ya kawaida, hata akiwa ameketi.

Tarehe 16 Novemba leseni ya maonyesho ilifutwa kwa hoja ya usalama wa umma, na mwisho wa Desemba Ngũgĩ wa Thiong'o alikamatwa, akawekwa kizuizini bila kushtakiwa katika gereza la Kamiti hadi Desemba 1978. Kikundi hakikufa. Mwaka 1982 kilitayarisha tamthilia ya nyimbo iitwayo *Maitũ Njugĩra*, ambayo ilikuwa ianze Februari katika Ukumbi wa Kitaifa wa Maonyesho jijini Nairobi, lakini waigizaji wakakuta milango imefungwa, na watu waliomiminika kutazama mazoezi yao katika Chuo Kikuu cha Nairobi walikadiriwa kuwa 10,000 kabla hayo nayo hayajakatazwa. Mwezi Machi kituo cha Kamĩrĩthũ kilifutiwa usajili, kisha askari wenye silaha wakaletwa kwa malori kuubomoa ukumbi. Maandishi ya *Ngaahika Ndeenda* yalikuwa yamekwisha chapishwa tangu mwaka 1980 na yaliendelea kusomwa. Kilichovunjwa ni mpangilio wa kuketi, jambo linaloonyesha kwamba watawala walitambua vyema nguvu ilikuwa wapi.

Mchezo wa *Ngaahika Ndeenda* ulirejea jukwaani, safari hii Nairobi, mwezi Mei 2022, kwa Kiingereza na kwa Kikuyu, ndani ya ukumbi uleule uliowafungia nje waigizaji wa Kamĩrĩthũ miaka 40 kabla yake. Ngũgĩ wa Mirii alikuwa amekwisha fariki nchini Zimbabwe mwaka 2008. Ngũgĩ wa Thiong'o, aliyefariki Marekani Mei 2025, alikuwa bado hai mchezo uliporejea. Hata hivyo Ukumbi wa Kitaifa, uliofunguliwa mwaka 1952 zama za ukoloni, umejengwa kwa mtindo wa jukwaa la mbele, ambapo hadhira yote hutazama upande mmoja, hivyo waliohudhuria waliona kisa na kusikia nyimbo zilezile, lakini ile njia ya kutoka benchi hadi ulingoni, ambayo wanakijiji wa Kamĩrĩthũ waliipima kwa njiti za kiberiti, haikuwamo katika jengo hilo.