Utafiti Usiohesabiwa: Marudio ya Matongo na Lengo la Asilimia Moja

Mjadala wa utafiti nchini Tanzania haukosi kurudi kwenye asilimia moja, sehemu ya pato la taifa ambayo wakuu wa nchi za Afrika walihimizana mwaka 2007 kuitenga kwa utafiti na maendeleo. Lengo halijafikiwa, na lawama huangukia kampuni binafsi: hazijengi maabara, haziajiri watafiti. Makala haya yanadai kwamba lawama hiyo ni nusu ya ukweli. Nusu nyingine iko kwenye lundo la mchanga katika kata ya Matongo, wilayani Tarime.

Kuhusu maana ya utafiti hakuna ugomvi mkubwa. Mwongozo wa Frascati, unaotumiwa na wanatakwimu tangu 1963, unataka kazi iwe mpya, ya kibunifu, yenye matokeo yasiyojulikana mapema, yenye mpangilio na inayoweza kurudiwa na wengine. Ubishi huanzia migodini. Kwa mwongozo huo, kuchoronga mwamba ili kujua dhahabu iko wapi si utafiti, hata kazi hiyo ikila mabilioni. Kubuni njia mpya ya kuchoronga ndiyo utafiti. Mgodi wa North Mara, ulioko humo humo Tarime, umezalisha dhahabu tangu 2002, na mwaka 2015 ukaanza kuchimba chini ya ardhi pale Gokona. Fedha nyingi za uwekezaji wa namna hiyo hununua ujuzi uliokwisha kubuniwa kwingine.

Sasa tuutazame mwalo, yaani mahali pa kuoshea dhahabu, wa mchimbaji mdogo wa Matongo. Mawe husagwa kwenye karasha, mchanga hupitishwa na maji juu ya magunia, kisha hukandwa kwa zebaki. Dhahabu nyingi hubaki kwenye marudio, yaani mchanga uliokwisha kuoshwa. Mwenye plenti, mtambo wa kuchenjulia, huyanunua, huyachanganya na chokaa na kuyaloweka kwa sayanaidi siku kadhaa, hadi dhahabu inase kwenye kaboni. Chokaa ikipungua, sayanaidi hupotea kama gesi ya sumu. Mawe yakiwa na shaba, sayanaidi huliwa kabla ya kuigusa dhahabu. Kila lundo lina tabia yake, hivyo mwenye plenti hubadilisha vipimo, hungoja, hupima tena. Akikosea, hasara ni yake.

Je, huo ni utafiti? Mwenye kuutetea Mwongozo atasema la: hakuna daftari, na siri ya vipimo haitoki nje ya uzio. Hoja hiyo ina uzito. Lakini inaonyesha kasoro ya mahali pa kuandikia, haionyeshi kukosekana kwa fedha wala udadisi.

Mahali hapo panaweza kutengenezwa, na kahawa imeshatangulia. Taasisi ya Utafiti wa Kahawa Tanzania, TaCRI, ilianza kazi mwaka 2001 ikiwa chombo cha wadau wa zao lenyewe, ikichangiwa na makato ya mauzo ya kahawa. Kutoka makao yake Lyamungu ilisambaza miche inayostahimili magonjwa ya chulebuni na kutu ya majani, na kituo chake kidogo kikawekwa Sirari, wilayani Tarime. Mkulima wa huko huchangia utafiti kwa kilo anazouza, bila kumiliki maabara.

Dhahabu haina chombo cha namna hiyo. Ina sheria. Kanuni za mwaka 2018 za ushirikishwaji wa Watanzania katika madini zinamtaka mwenye leseni awasilishe mpango wa utafiti na maendeleo, pamoja na wa kuhawilisha teknolojia. Mwaka 2020 Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata kuhusu zebaki. Mipango hiyo ya utafiti ingeelekezwa kwenye swali moja, jinsi ya kutoa dhahabu ya mialo bila zebaki, wenye plenti wangekuwa washirika wa majaribio na vipimo vyao vingeingia kwenye kumbukumbu.

Kata moja haitoshi kupindua takwimu za nchi. Inatosha kutilia shaka dodoso la takwimu za utafiti linalouliza kampuni ina watafiti wangapi na kuishia hapo. Awamu ijayo ya ukusanyaji takwimu ingeweza kuongeza swali kuhusu majaribio ya uzalishaji, na kuanzia Matongo.