Nani Humpa Mgeni Jembe? Safari Fupi za Kimisheni na Mamlaka ya Kanisa Mwenyeji

Kimbunga Mitch kilipoipiga Honduras mwishoni mwa Oktoba 1998, maelfu ya familia zilibaki bila makazi, na makundi ya Wakristo kutoka Amerika ya Kaskazini yakaanza kumiminika kwenda kujenga nyumba. Kurt Ver Beek, mwanasosholojia wa Chuo cha Calvin aliyekuwa akiishi nchini humo, aliichunguza kazi hiyo na kuchapisha matokeo yake mwaka 2006. Nyumba moja iliyojengwa na kundi la wageni, ukijumlisha nauli na gharama nyingine za safari, ilifikia wastani wa dola 30,000. Shirika la Kikristo la wenyeji lilijenga kwa dola 2,000 hivi. Familia zilizohamia katika nyumba hizo hazikuonyesha tofauti ya maana, awe aliyepanga matofali ni mgeni au ni mtu wa hapo.

Matokeo hayo yamenukuliwa mara nyingi, na wengi huishia kwenye hesabu: gharama ya nyumba moja ingetosha nyumba 15. Hesabu haina kosa. Lakini ukisimama hapo unabaki ukijadili matumizi ya fedha, ilhali swali linalotuhusu sisi tunaopokea wageni ni la mamlaka. Ni nani aliyeamua kwamba kazi hii ifanyike, kwa mikono hii, katika wiki hizi mbili? Ninachodai katika makala haya ni kwamba kasoro kuu ya safari fupi za kimisheni haiko katika ufupi wake, wala katika nia ya wanaokuja, ambao wengi wao husukumwa na upendo wa kweli. Kasoro ni kwamba kanisa mwenyeji halina nafasi halisi ya kukataa. Pasipo nafasi hiyo, hata kukubali kwake hakuna uzito.

Jambo lenyewe ni kubwa. Robert Wuthnow wa Chuo Kikuu cha Princeton alikadiria, katikati ya miaka ya 2000, kwamba waumini watu wazima wapatao milioni 1.6 walikuwa wakitoka Marekani kila mwaka kwa safari za namna hii. Ukosoaji nao si wa leo. Aprili 1968, mjini Cuernavaca, Mexico, kasisi Ivan Illich aliwaambia wanafunzi Wakatoliki waliokuwa wakijiandaa kujitolea vijijini kwamba waje kutembea na kujifunza, ila waache kuja kusaidia. Miaka mitatu baadaye John Gatu, katibu mkuu wa Kanisa la Presbyterian la Afrika Mashariki, alisema jambo ambalo kwangu lina kina zaidi. Akiwa Milwaukee mwaka 1971, aliomba wamisionari na fedha zao visitishwe kwa muda usiopungua miaka mitano, ili makanisa ya Afrika yapate kujua yana nguvu gani. Illich alizungumza na anayesafiri. Gatu alizungumza akiwa mwenyeji. Mkutano mkuu wa makanisa ya Afrika uliofanyika Lusaka mwaka 1974 uliunga mkono wito huo, na wito haukutekelezwa. Shule, hospitali na mishahara mingi ilitegemea fedha zilezile. Naamini hapo tulikosa zoezi la thamani kubwa, zoezi la kukataa, hata kama ni kwa muda.

Wanaokuja kujitolea hupenda kuwataja wale sabini waliotumwa katika Luka sura ya 10. Sura hiyo isomwe yote. Walitumwa bila mfuko, wakaambiwa wakae katika nyumba moja na wale watakachoandaliwa. Mjumbe wa Luka ni mhitaji. Asipokaribishwa hana pa kulala. Mji unaweza kumkataa, na utaratibu wa kukataliwa kwake umo mumo humo katika maagizo. Paulo naye alikaa Korintho mwaka na nusu, akishona mahema apate riziki. Ludwig Krapf, aliyefika Mombasa mwaka 1844 na kuwazika mkewe na mtoto wake mwaka huohuo, alikuwa na kasoro za zama zake, lakini alijifunza Kiswahili hadi akachapisha sarufi yake mwaka 1850, maana bila lugha hakuwa na wa kumsikiliza. Mgeni wa wiki mbili, mwenye maji yake ya chupa, mkalimani wake na bajeti yake, hahitaji kitu kwa mwenyeji isipokuwa mradi.

Basi mradi hutafutwa. Msomaji aliyewahi kuwapo usharikani siku ya kupokea wageni anaujua mpangilio: kwaya huimba, wageni huvishwa vitenge, katibu husoma risala. Risala ina sura yake isiyobadilika: salamu, historia fupi, mafanikio, changamoto, kisha maombi. Inaruhusu kushukuru na kuomba. Haina kifungu cha kusema kwamba choo mlichojenga mwaka juzi hujaa maji kila masika kwa kuwa hamkumuuliza fundi wa hapa, au kwamba vijana wetu, mafundi ujenzi wasio na kazi, walikaa pembeni wakiwatazama mkichanganya zege. Hayo husemwa nyuma ya kanisa, basi likishaondoka. Mwenyeji ananyamaza kwa sababu adabu inamtaka amstahi mgeni, na kwa sababu karo za watoto kadhaa wa usharika zinatoka mfuko huohuo uliomleta mgeni.

Wanapohusika watoto na wagonjwa, ukimya huo ni wa hatari. Januari 2010, siku chache baada ya tetemeko la Haiti, Wabaptisti kumi kutoka Marekani walikamatwa wakielekea Jamhuri ya Dominika na watoto 33. Ilibainika kwamba wengi wa watoto hao walikuwa na wazazi walio hai, na wapo wazazi waliowatoa wenyewe kwa kuahidiwa shule na maisha bora. Huko Jinja, Uganda, Mmarekani asiye na elimu ya udaktari aliendesha kituo cha watoto wenye utapiamlo. Akina mama wawili waliofiwa na watoto wao walikwenda mahakamani mwaka 2019, na kesi ikamalizika mwaka uliofuata kwa maelewano, bila upande wa pili kukiri kosa. Serikali zimeanza kuweka mipaka. Kenya ilisitisha usajili wa makao mapya ya watoto mwaka 2017, na Desemba 2019 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilionya juu ya madhara ya kujitolea katika vituo vya yatima. Tanzania humtaka daktari mgeni asajiliwe kwa muda na Baraza la Madaktari Tanganyika. Makanisa yaliyoitangulia serikali kujenga hospitali hayana sababu ya kubaki nyuma katika hili.

Wapo watakaojibu kwamba safari zikizuiwa fedha zitakauka, kwa kuwa mtu huchangia alichokiona kwa macho yake. Hoja hiyo isipuuzwe. Hata hivyo, Ver Beek alipolinganisha kauli za waliorudi kutoka Honduras na kumbukumbu za michango, waliosema wanatoa zaidi walikuwa wengi kuliko waliothibitishwa na kumbukumbu hizo. Utoaji hudumishwa na uhusiano wa miaka. Tangu 1987 Dayosisi ya Iringa ya Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT) na sinodi ya eneo la Saint Paul, Minnesota, zina ushirika uitwao Bega kwa Bega. Sharika za pande mbili zimeunganishwa moja kwa moja, na karo za sekondari ni sehemu muhimu ya msaada wake. Fedha bado hutiririka zaidi kuelekea huku, lakini mgeni anayekuja hukuta watu wanaomjua, na anayekujua anaweza kukupinga.

Katika maandishi yake ya 1962 kuhusu ujamaa, Nyerere aliitumia methali ya mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, kusisitiza kwamba kila mtu afanye kazi. Mimi nautazama mkono unaolitoa jembe. Dayosisi iandike kwanza kazi inayoitaka na fundi wa hapa atakayelipwa kuisimamia, ndipo barua ya mwaliko itoke. Mfuko wa karo utenganishwe kabisa na ratiba ya ziara, ili usharika uweze kuahirisha ziara bila mtoto kurudishwa nyumbani.

Na safari ziende pande zote mbili. Mmarekani huomba viza ya Tanzania kwa mtandao au huipata akitua uwanjani. Mwinjilisti wa Kilolo, mkoani Iringa, aliyealikwa Minnesota hulipa ada isiyorudishwa, husafiri hadi ubalozini Dar es Salaam kwa mahojiano, na huenda akanyimwa. Kundi linaloweza kukusanya nauli za watu 15 lichangie pia za wawili wa kutoka huku, liwasaidie kuomba viza, liwapokee kwa wiki mbili hizohizo, kisha liwaulize mbele ya usharika mzima ni kazi gani ya kimisheni wanaona inahitajika Marekani.