Mnyapara na Bendera Nyekundu

Kwa miezi minane nilikuwa mdosi wa mafundi sita, na mmoja wao nusura apoteze kazi kwa sababu yangu. Hapo ndipo insha hii inapoanzia. Mambo ya reli yatakuja, usijali.

Nilikuwa nimeacha chuo mwaka wa tatu, uhandisi wa mitambo, karo imekwama na mimi mwenyewe nimechoka kujifanya haijakwama. Jirani akanipatia connection ya kusimamia ukarabati katika jengo moja la ofisi hapa Nairobi. Lifti, pampu za maji, jenereta, taa za ngazi, vyoo. Asubuhi nagawa kazi, mchana najaza kadi, jioni natuma ripoti kwa WhatsApp ya wakubwa. Mafundi waliniita "boss", hata yule mzee wa pampu aliyenizidi miaka thelathini. Wakiwa peke yao waliniita mnyapara. Nilisikia siku moja nikipita karibu na chumba cha pampu, na iliniuma. Kwa sisi Wakenya, mnyapara ni yule mfungwa anayepewa mamlaka juu ya wafungwa wenzake, ama yule jamaa wa mjengo anayekaa kivulini akihesabu mifuko ya simiti huku wengine wakipandisha kokoto ghorofani.

Wikendi hiyo nikampelekea babu malalamiko. Babu akacheka mpaka akashika mbavu.

"Mimi nilikuwa mnyapara miaka kumi na tisa," akasema. "Hilo si tusi. Inategemea umelibebaje."

Babu alifanya kazi ya reli upande wa Kibwezi. Aliingia mwaka 1957, wakati huo ikiitwa East African Railways and Harbours, reli moja ya Kenya, Uganda na Tanganyika. Nilijua hivyo tangu utotoni, kama unavyojua jina la kata yenu. Sikuwahi kumuuliza alikuwa anafanya nini hasa.

Kwanza nikalifuata neno lenyewe. Mnyapara ni mzee kuliko reli. Katika karne ya 19, misafara ya pembe za ndovu ilipokuwa ikitoka Tabora kwenda Bagamoyo, wapagazi wengi walikuwa Wanyamwezi. Kila mtu alibeba mzigo wa kilo 30 hivi, kwa miguu, kwa miezi. Mbele alitangulia kirangozi, mjuzi wa njia. Halafu kulikuwa na wanyampara, viongozi wa vikundi. Neno hilo ni la Kinyamwezi, na kwao lilimaanisha wazee, wale washauri wanaokaa na mtemi. Mnyampara alikula na kundi lake na kulala nalo. Posho ikipunguzwa, watu wakatua mizigo wakakataa kuendelea, yeye ndiye aliyesimama katikati akizungumza. Wazungu waliosafiri na misafara hiyo walijaza vitabu kwa kulalamika kwamba wapagazi ni wakaidi. Ukiwasoma vizuri utagundua walikuwa wakielezea wafanyakazi wanaojua thamani yao.

Kisha ikaja reli. Ujenzi ulianza Mombasa mwaka 1896, ukafika Nairobi Mei 1899, na Kisumu mwishoni mwa 1901. Vibarua zaidi ya 30,000 waliletwa kutoka India, na karibu 2,500 wakafa. Hadithi hiyo tumefundishwa shuleni, pamoja na simba wa Tsavo. Ambacho hatukufundishwa ni kilichofuata. Ukishajenga reli ya zaidi ya kilomita 900, mtu lazima aitunze kesho yake, na kesho kutwa, na miaka mia baadaye. Wajenzi wana sanamu na vitabu. Watunzaji walikuwa na genge.

Ndiyo, genge. Kabla ya Nonini na Jua Cali kulifanya jina la muziki, genge lilikuwa kundi la vibarua waliopewa kipande chao. La babu lilikuwa na watu kumi na wawili na maili nne za reli. Si sita, si tatu. Nne, kutoka jiwe hili hadi jiwe lile. Zaidi ya hapo ni genge lingine.

Nilimuuliza kulikuwa na kazi gani, kwani chuma kikishalala chini si kimelala?

Akaniangalia kama mtu aliyenilipia karo bure.

Reli huwa hailali, akaniambia. Jua la mchana linairefusha, baridi ya usiku inaifupisha. Kila treni ikipita, boliti zinatetemeka, nati inarudi nyuma kidogo, kesho kidogo tena. Mvua inachimbua kokoto chini ya mataruma. Reli mbili zinatakiwa kuachana mita 1 kamili, na zikianza kutanuka huwezi kuona kwa macho, unapima. Kwa hiyo genge lilikuwa linapigana na vitu vidogo vidogo visivyokwisha. Kaza, pima, jaza kokoto, fyeka nyasi, zibua mtaro. Siku ambayo hakuna kitu kimetokea ndiyo siku mmefanya kazi vizuri. Na hakuna mtu hupiga simu kukushukuru kwamba treni haikuanguka.

Kisha akaniambia kuhusu mtu wa alfajiri.

Kila siku kabla genge halijaanza, mtu mmoja alitembea maili zote nne kwa miguu. Begani spana ndefu, mkononi nyundo, na pamoja na hivyo bendera nyekundu. Akikuta reli imepasuka au maji yamekula tuta, kazi yake ya kwanza haikuwa kurekebisha. Ilikuwa kukimbia kuelekea treni na kuinua bendera. Na treni, yenye dereva, abiria, mizigo na ratiba iliyopangwa Nairobi na wakubwa wenye tai, ilikuwa lazima isimame.

Sasa fikiria hapo kidogo. Mtu wa mshahara wa chini kabisa katika shirika zima, aliyeishi kwenye kibanda kando ya njia, alikuwa na mamlaka ya kusimamisha treni. Reli yenyewe ilikuwa ya kikoloni, na haikumpa kwa upendo. Ilimpa kwa sababu haikuwa na njia nyingine. Taarifa ya kwanza ya hatari iko miguuni mwa yule anayetembea, si kichwani mwa yule anayepanga.

"Na akisimamisha treni bure?" nikauliza. "Akikosea?"

"Ilitokea," babu akasema. "Mtu aliona kivuli akadhani ni ufa. Barua ikaja kutoka juu, nani alichelewesha treni? Niliandika ni mimi nilimtuma. Kwa sababu nikimkaripia leo, kesho ataona ufa wa kweli na atanyamaza. Huyo akinyamaza, hata mimi ni kipofu."

Usidhani babu anatia chumvi kuhusu hatari. Januari 1993, mafuriko yalibomoa daraja pale Ngai Ndethya, kwenye reli hiyo hiyo ya Mombasa na Nairobi. Treni ya abiria ikaingia mtoni usiku. Zaidi ya watu 100 walikufa. Sitaki kunyooshea mtu kidole kwa maji ya usiku mmoja. Nataka tu ujue ukubwa wa kitu anachobeba mtu mwenye bendera.

Lakini kuna upande wa pili, na bila huo hii ingekuwa hadithi tamu tu ya zamani. Mtu yule yule aliyeweza kusimamisha treni hakuwa na bendera ya maisha yake mwenyewe. Kazi ya reli ilipangwa kwa rangi. Wazungu juu, Wahindi katikati kama mafundi, madereva na wakuu wa stesheni, Waafrika chini, na mishahara ikafuata mpangilio huo huo. Vibarua walipangwa katika nyumba za safu zilizoitwa landi. Ukipita Landhies Road ukienda Muthurwa, unapita juu ya neno hilo. Ufa kwenye chuma ulisikilizwa siku ile ile. Ufa kwenye mshahara, kwenye chumba kimoja chenye watu wengi kupita kiasi, uliandikiwa ripoti na kuwekwa kwenye kabati.

Basi wakainua bendera nyingine. Tarehe 13 Januari 1947 Mombasa ilisimama. Watu wapatao 15,000, wa bandari, wa reli, wa mahoteli, hadi watumishi wa nyumbani, waliacha kazi kwa zaidi ya wiki nzima. Walikutana kila siku kwenye uwanja huko Majengo, wakaubatiza Kiwanja cha Maskini. Humo ndimo African Workers' Federation ilipopata nguvu, na Chege Kibachia akawa sauti yake. Serikali ikaunda baraza la kuamua malalamiko, mishahara ikapanda kiasi. Kabla mwaka haujaisha Kibachia alikuwa amekamatwa na kupelekwa kizuizini Kabarnet. Unaona mtindo? Ujumbe ukapokelewa nusu, aliyeuleta akaadhibiwa kamili.

Ukitaka kuona kinachotokea watu wanapopewa kitu wakiite chao, nenda Makumbusho ya Reli, pale nyuma ya stesheni ya Nairobi. Kuna injini ya mvuke nyekundu, nambari 5918, inaitwa Mount Gelai. Ni mojawapo ya injini 34 za daraja la 59 zilizotengenezwa na Beyer Peacock huko Manchester mwaka 1955 na 1956, kila moja ikiwa na uzito wa tani zaidi ya 250. Hakuna injini za mvuke zenye nguvu kuliko hizo zilizowahi kutembea kwenye reli ya upana wa mita moja. Zote zilipewa majina ya milima ya Afrika Mashariki. Mambo ya nguvu na uzito yote yameandikwa. Kilichonishika mimi ni kwamba injini hizi zilikabidhiwa timu maalumu. Madereva, baadhi yao Makalasinga, pamoja na wenzao wa moto, walijua hii ni yetu. Wakaisugua shaba mpaka ikawa kioo. Hakuna waraka wa ofisi unaoweza kumlazimisha mtu asugue shaba hivyo.

Nilisimama mbele ya Mount Gelai Jumamosi moja asubuhi, na nikamkumbuka mzee wa pampu.

Yeye pia alikuwa na kitu chake. Pampu kubwa ya chini, ya kusukuma maji hadi tangi la juu. Aliipangusa kila asubuhi kabla ya chai. Wiki mbili kabla ya hapo alikuja mezani kwangu. "Boss, pampu imebadilisha sauti. Beringi inaisha." Nikamwambia ajaze kadi. Akarudi baada ya siku mbili, nikamwambia, mbele ya wenzake, "Mzee, hiyo pampu ni bibi yako? Sauti si ripoti." Wakacheka. Alirudi mara ya tatu. Baada ya hapo hakurudi tena. Nikaona ni amani.

Pampu ilikufa Jumatatu. Jengo lilikaa bila maji siku tatu, maji ya lori, vyoo usiniulize. Wakubwa wakauliza kwa WhatsApp nani anahusika na pampu. Nikaandika jina lake. Halikuwa uongo. Kadi ilikuwa tupu, hakuwa amejaza. Akaambiwa akae nyumbani kwanza.

Hiyo ndiyo sehemu ambayo sikuwa nimemwambia babu. Nilimwambia nimeitwa mnyapara, sikumwambia kwa nini. Nilipomaliza kueleza, alinyamaza kwa muda. Kisha akauliza kitu kimoja tu:

"Alipoinua bendera, wewe ulikuwa wapi?"

Jumatatu iliyofuata niliandika barua kwa wakubwa. Niliweka siku tatu alizokuja, maneno aliyosema, na maneno niliyomjibu, hata lile la bibi. Niliandika kwamba hakujaza kadi kwa sababu hasomi Kiingereza vizuri na kadi zote ni za Kiingereza, jambo ambalo ningelijua wiki ya kwanza kama ningeuliza. Nilikatwa mshahara. Yeye alirudishwa baada ya wiki tatu, na zile wiki tatu hakulipwa. Nilijaribu kumpa nusu yangu, akakataa. Alikubali chai.

Miezi niliyobaki pale nilibadilisha vitu viwili tu. Kadi zikawa za Kiswahili. Na kila asubuhi, kabla ya kugawa kazi, nilizunguka jengo na mtu mmoja, zamu kwa zamu, yeye akiongea, mimi nikiandika. Dakika ishirini. Mafundi waliendelea kuniita mnyapara. Mzee wa pampu aliacha kuniita boss, akaanza kuniita kwa jina langu, na mpaka leo sijui kama alikuwa amenisamehe ama alikuwa ameacha kunidanganya.

Siku hizi naandika tu, sina watu chini yangu. Lakini wewe unayesoma hii labda unao: watatu kwa karakana, kumi kwa kampuni ya intaneti, wawili wa kusafisha ofisi. Jiulize ni lini mara ya mwisho mmoja wao alikuletea habari mbaya. Kama ni mwezi umepita, usifurahie. Reli haijapona. Mtu wa alfajiri bado anatembea, anaona, na ameamua bendera yake akae nayo mfukoni.