Mwalimu wa Ufundi Hutoka Wapi?

Sisi tukaao Kurasini ni majirani wa bandari. Kila asubuhi twawaona wachomeleaji, mafundi wa umeme na mafundi wa magari makubwa wakipita kwenda kazini. Katika mwaka wa 2024 shule za sekondari za nchi yetu zilianza kuingia katika mtaala mpya wenye mikondo miwili, mmoja wa elimu ya jumla na mmoja wa amali, ambamo mtoto husoma vitabu na kujifunza ufundi pamoja. Tangu siku hizo wazazi hutuuliza: Karakana yaweza kujengwa, na vyombo vyaweza kununuliwa, lakini mwalimu wa ufundi hutoka wapi? Swali hili si jipya, nasi twapenda kulijibu kwa habari za kale.

Kwanza tulitazame neno lenyewe. Fundi ni jina litokalo katika kufunda, yaani kufundisha. Wazee wetu wa pwani hawakumtenga mtu ajuaye kazi na mtu aifundishaye. Kijana alikwenda kwa mhunzi au kwa fundi wa majahazi, akashika vyombo, akatumwa, akakosea, akakemewa, hata mkono wake ukazoea. Basi fundi alikuwa ndiye shule.

Wamisionari walipokuja walifuata njia hiyo hiyo. Mwaka wa 1868 Mapadre wa Roho Mtakatifu walianza misheni yao Bagamoyo, wakakaa na watoto waliokombolewa utumwani. Pamoja na dini na kusoma, watoto wale walifundishwa kazi za mikono kama useremala na uhunzi. Baadaye Serikali ya Wadachi ilifungua shule Tanga, nayo ilikuwa na mafunzo ya ufundi. Tangu mwaka wa 1904 gazeti la Kiswahili lililoitwa Kiongozi lilipigwa chapa huko.

Mwaka wa 1924 ilikuja Afrika ya Mashariki tume ya Phelps-Stokes kutoka Marekani, na mmoja wa wajumbe wake alikuwa Dr. Aggrey, Mwafrika wa Gold Coast, nchi iitwayo leo Ghana. Tume ilishauri kwamba mafunzo ya shule yapatane na maisha ya watu: afya, kilimo, nyumba na kazi za mikono. Mwaka wa 1925 shule ya Jeanes ilianza Kabete, karibu na Nairobi. Kazi yake ilikuwa kuwafanya walimu, si watoto. Walichaguliwa watu waliokwisha kufundisha, wakaenda pamoja na wake zao, nao wake wakafundishwa pia. Kisha walirudi kwao kuzizungukia shule za vijijini na kuwaonyesha wengine kazi. Walitambua kwamba mwalimu mmoja aliyefanywa vema ni bora kuliko vyombo vingi visivyo na mtu.

Walakini Waafrika wengi waliitilia shaka elimu ile. Waliogopa kwamba watoto wao wapewa nyundo ili wasipewe kalamu. Nasi hatuwezi kuwalaumu, kwa maana katika siku za ukoloni mshahara wa mtu ulifuata rangi yake, si kazi yake tu. Karani alivaa viatu, fundi akavaa vumbi. Shaka hiyo haijatutoka bado. Hata leo mzazi husema, "Mtoto wangu ana akili, asipelekwe kwenye ufundi," kana kwamba kupima ukuta hakutaki akili.

Baada ya Vita Kuu ya Pili, shule ya ufundi ilianzishwa Ifunda, mahali palipokuwa na kambi ya wakimbizi wa Kipoland, na nyingine ikaanzishwa Moshi. Mwaka wa 1957 Dar es Salaam ikapata chuo cha ufundi, ambacho tangu mwaka wa 1997 huitwa Taasisi ya Teknolojia. Mwaka wa 1967 Mwalimu Nyerere alitoa Elimu ya Kujitegemea, na katika miaka ya 1970 shule za sekondari zikapewa michepuo: kilimo, biashara, ufundi na sayansikimu. Shabaha ilikuwa njema. Lakini sisi wenyewe tumeingia katika shule moja, tusiyoitaja, tukakuta karakana imefungwa. Jiliwa zimeshika kutu, na randa zimelala katika sanduku. Tulipouliza sababu, tukaambiwa, "Mwalimu aliondoka." Aliyejua kuchonga alipata mshahara mzuri zaidi kwingine, na aliyebaki shuleni alijua kuandika ubaoni tu.

Basi jibu ni hili. Mwalimu wa ufundi hutoka mahali pawili, wala hapatoshi pamoja. Chang'ombe, jirani zetu, wana chuo cha VETA kifundishacho ufundi, na pia Chuo Kikuu Kishiriki cha Elimu, kilichoanza mwaka wa 2005 ili kufanya walimu. Mtu aweza kwenda kwa miguu toka kimoja hata kingine. Lakini vijana wengi huingia kimoja tu. Morogoro kiko chuo cha walimu wa ufundi stadi, ambako fundi mwenye cheti chake hujifunza kupanga somo, kumpima mwanafunzi na kumwongoza asiyeelewa. Njia hiyo yataka subira, maana ni kujifunza mara mbili. Na atakayeifuata astahili mshahara na heshima ya mara mbili.

Katika kitabu cha Kutoka twasoma habari za Bezaleli, aliyejazwa ujuzi wa dhahabu, shaba, mawe na miti kwa kazi ya hema takatifu. Wengi huishia hapo. Lakini maandiko yasema pia kwamba yeye na Oholiabu walitiwa moyoni uwezo wa kuwafundisha wengine. Hema isingesimama kwa mikono miwili.

Wapenzi wasomaji, huenda katika nyumba yenu yuko kijana mwenye mkono mwepesi, ambaye wadogo zake humzunguka afanyapo kazi, naye huwaeleza bila kukasirika. Msimwambie kwamba ualimu ni wa wengine. Mwonyesheni njia ya kwenda chuoni, na akirudi, mpeni kiti mbele kama mmpavyo mwalimu wa hesabu.