Utendaji wa Muuguzi Huanzia Kwenye Ratiba ya Zamu

Mgonjwa akilalamika kwamba usiku kucha hakuna muuguzi aliyemsogelea, hospitali za umma nchini Tanzania huwa na majibu mawili yaliyozoeleka: barua ya kujieleza kwa mhusika, au semina ya maadili kwa wodi nzima. Yote mawili yamejengwa juu ya imani kwamba kasoro imo ndani ya muuguzi; amepoteza wito, au hakufundwa vizuri. Ninaipinga imani hiyo. Kwa sehemu kubwa, utendaji wa muuguzi umeshaamuliwa kabla hajaingia zamu, na wanaouamua ni wale wanaopanga idadi ya watumishi, vifaa na uongozi wa wodi.

Kuhusu idadi, ushahidi ni mzito. Mwaka 2002 Linda Aiken na wenzake walichapisha utafiti wa hospitali 168 za Pennsylvania, Marekani. Kila mgonjwa wa upasuaji aliyeongezeka kwa muuguzi mmoja aliambatana na ongezeko la asilimia 7 la uwezekano wa wagonjwa kufariki ndani ya siku 30, na asilimia 23 la uwezekano wa wauguzi kuchoshwa kabisa na kazi. Na hapo walilinganishwa wauguzi wenye wagonjwa wanne hadi wanane tu!

Muuguzi wetu anapobaki peke yake usiku na wagonjwa thelathini, analazimika kuchagua. Sindano ya saa sita atachoma, dripu atabadilisha. Kitakachoachwa ni kupima joto na presha kwa wakati, kumgeuza asiyejiweza, kumsikiliza mwenye hofu. Watafiti waliofuatilia wodi za watoto wachanga jijini Nairobi waliona jambo hilohilo: sehemu kubwa ya huduma inayostahili haitolewi, na nyingine huangukia mikononi mwa akina mama na wanafunzi. Ukali na matusi havina utetezi. Lakini mengi tunayoyaita uzembe ni matokeo ya uchaguzi huo.

Je, uongozi una nafasi gani basi? Kubwa, ila si ile inayohubiriwa semina baada ya semina. Tazama kazi ya muuguzi kiongozi wa wodi, inchaji. Ndiye anayepanga ratiba, anayepokea ripoti ya usiku, anayeamua kosa la dozi lishughulikiweje. Muuguzi anayejua kwamba kusema kweli kutamletea onyo ataficha kosa, na mgonjwa atakosa uangalizi aliouhitaji saa hiyohiyo. Ratiba inayojulikana mapema humwezesha mama mwenye mtoto mchanga kupanga malezi na kufika kazini akiwa amepumzika. Hayo yako ndani ya uwezo wa inchaji. Yasiyo ndani ya uwezo wake ni mengi zaidi: haajiri, hanunui glavu, halipi posho, na mara nyingi naye amepangiwa wagonjwa kama wenzake. Tumempa dhamana tukamnyima mamlaka.

Ipo hoja kwamba uongozi bora unatosha. Wanaoitoa hutaja hospitali 41 za Marekani zilizobainishwa mwaka 1983 kwa kuweza kubakiza wauguzi wakati kwingine wanakimbia. Viongozi wake waliwasikiliza. Ni kweli, lakini kusikiliza huko kulikwenda pamoja na watumishi wa kutosha.

Tanzania ilikwisha kuwa na chombo cha kurekebisha hali hii ya dhamana bila mamlaka. Mfumo wa Wazi wa Mapitio na Tathmini ya Utendaji Kazi, ulioanzishwa mwaka 2004, ulikuwa na fomu yenye safu ya rasilimali zilizokubaliwa kati ya mtumishi na msimamizi wake. Safu hiyo ilistahili uzito uleule wa safu ya malengo, na mfumo wa kielektroniki ulioshika nafasi yake hauna budi kuupa uzito huo. Inchaji aandike humo: wauguzi wangapi kwa zamu, wagonjwa wangapi, vifaa gani. Zamu ikipungukiwa, upungufu uingizwe kwenye alama za mwajiri, na inchaji awe na haki ya kudai nyongeza kwa maandishi usiku uleule, na kujibiwa kwa maandishi.